Fundi, "Kesho" Si Tarehe

Wasee, kuna neno moja limevunja urafiki mwingi kwa gereji za hapa Nairobi kuliko bei, kuliko rangi mbaya, kuliko spea feki. Hilo neno ni "kesho".

Unajua vile inakuanga. Umegongwa kidogo kwa trafiki. Bampa imepasuka, fenda imeingia ndani, taa moja imekufa. Unapeleka dinga kwa fundi wa bodi. Anaizunguka mara moja, anagonga fenda na kidole, anasema, "Hii ni kazi ya siku tatu, mkubwa. Ijumaa unachukua." Ijumaa inafika, unaambiwa kesho. Jumamosi unaambiwa rangi haijakauka, kuja Jumatatu. Jumatatu unapiga simu, na ile sauti ya mtandao inakuambia mteja hapatikani kwa sasa. Hapo unacheka na uchungu, juu mteja ni wewe, na wewe unapatikana vizuri sana. Mwenye ako mteja ni fundi.

Maoni yangu ni haya, na najua yatakasirisha watu wa pande zote mbili. Fundi anafaa kukupa siku nyingi kuliko zile unataka kusikia, aziandike, na akupigie simu kabla wewe hujampigia. Na wewe mteja unafaa kuacha kumwadhibu fundi anayekuambia ukweli. Hiyo sehemu ya pili ikikosa, ile ya kwanza haitawahi kufanyika.

Siku tatu za mikono, siku kumi za kalenda

Tuanze na kitu ambacho watu wengi hawajawahi kuelezewa. Fundi akisema "siku tatu", mara nyingi hadanganyi kuhusu kazi yenyewe. Anahesabu mikono: kunyoosha bati, kupaka filla, kupiga msasa, praima, rangi, polishi. Ukijumlisha masaa yote ambayo mtu atakuwa amesimama kando ya gari yako akifanya kitu, inaweza kuwa kweli siku tatu.

Lakini wewe huishi kwa masaa yake. Unaishi kwa kalenda. Na kati ya masaa ya mikono na siku za kalenda kuna kitu kikubwa sana ambacho hakuna mtu anakitaja: kungoja. Gari ya kutengenezwa bodi inangoja kuliko inavyoshughulikiwa.

Inangoja nini? Kwanza inangoja kufunguliwa. Gari ikiwa imefungwa, fundi anaona nusu ya ajali. Bampa ikitolewa ndio unajua kama vile vishikio vya ndani vimevunjika, kama rejeta imeguswa, kama chuma cha mbele kimepinda. Kwa hivyo zile siku ulizopewa kabla gari kufunguliwa ni makisio tu, hata kama yamesemwa na sauti ya uhakika.

Pili inangoja spea. Magari mengi tunayoendesha yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu haikubali gari iliyozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Ukiwa na Vitz, Probox ama Demio, uko sawa. Fundi anatuma kijana Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan, na taa inaweza kurudi siku hiyo hiyo. Ukiwa na gari ambayo ziko chache barabarani, hiyo taa inatafutwa duka kwa duka. Ikikosekana inaagizwa kutoka nje, na hapo unahesabu wiki.

Tatu, rangi. Watu hudhani nyeupe ni nyeupe. Angalia kibati cha namba kwa mlango wa dereva ama ndani ya boneti. Toyota nyeupe yenye namba 040 ni nyeupe ya kawaida. Yenye namba 070 ni nyeupe ya lulu, ile inameta ukipita kwa jua. Hii ya lulu inapigwa kwa hatua tatu: rangi ya chini, halafu tabaka la lulu, halafu ile ya juu inayong'arisha ambayo mafundi wanaiita klia. Na lazima ilingane na mlango ambao haukugongwa. Fundi mzuri atachanganya, ajaribu kwa kipande cha bati, aangalie kwa jua, achanganye tena. Hiyo kujaribu haimo kwa zile siku tatu.

Nne, kukauka. Hapa ndio inabidi tuelewane vizuri. Gereji kubwa ina chumba kilichofungwa chenye joto, rangi inakauka kama mkate kwa oveni. Gereji nyingi za mtaani hazina hiyo. Oveni yao ni jua. Jina jua kali tumelizoea mpaka tukasahau kuwa kwa fundi wa rangi, jua ni mashine ya kazi. Sasa fikiria Aprili ama Novemba, mvua inanyesha kila jioni, hewa imejaa unyevu. Klia ikipigwa kwa unyevu inaweza kufanya ukungu mweupe. Filla iliyoachwa wazi inafyonza maji, halafu baadaye bati linashika kutu chini ya rangi. Jua kali bila jua ni wasee wamesimama wakiangalia mawingu.

Tano, bima. Kama gari iko na bima kubwa na unataka kampuni ilipe, kuna fomu ya madai, kuna abstrakti ya polisi, kuna asesa wa kuja kukagua, halafu kuna barua ya kuruhusu kazi ianze. Wewe unahesabu siku tangu gari ivutwe mpaka gereji. Gereji inahesabu tangu barua ifike. Watu wawili wanaangalia saa mbili tofauti, halafu wanashangaa kwa nini hawaelewani.

Kwa nini fundi anasema tatu?

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Wacha story, mafundi ni waongo tu." Wako waongo, sikatai. Lakini ukitangaza kazi nzima kuwa ya waongo, umeacha kuuliza ni nini kinawalipa kudanganya.

Jibu la kwanza ni sisi. Simama kwa gereji yoyote Kariobangi Light Industries ama Industrial Area uone vile wateja huchagua. Fundi wa kwanza anasema siku kumi. Wa pili, hatua ishirini kutoka hapo, anasema siku tatu. Gari inaenda wapi? Inaenda kwa wa pili, ingawa wote wana msasa ule ule na jua lile lile. Yule wa kwanza amelala njaa kwa sababu ya ukweli. Wiki ijayo mtu akiuliza, na yeye atasema tatu. Tumemfundisha.

Jibu la pili ni dipo. Hii ndio siri ya gereji nyingi ndogo, na ukiielewa, utaelewa "kesho" zote za maisha yako. Fundi hana pesa ya kuzungusha. Amemaliza gari ya mtu fulani, lakini huyo mtu amelipa nusu na kusema nyingine atatuma mwisho wa mwezi. Spea za gari ya pili hazijanunuliwa. Wewe unaingia na dipo ya elfu kumi na tano. Hiyo pesa yako, badala ya kununua bampa yako, inanunua rangi ya gari iliyokutangulia. Ya kununua bampa yako itatoka kwa mtu atakayeingia Alhamisi. Asipoingia, gari yako inalala.

Kwa hivyo fundi anakubali magari mengi kuliko mikono yake kwa sababu anahitaji dipo, si kwa sababu ana nafasi. Na ili upeane dipo leo, lazima aseme namba tamu. "Siku tatu" hapo si ratiba. Ni mnada.

Hii haimaanishi ni sawa. Pesa ya bampa yako ni ya bampa yako. Lakini tukijua ugonjwa uko wapi, hatutatibu kichwa wakati kinachouma ni tumbo. Kumpigia fundi kelele Jumatatu asubuhi hakutoi pesa ya spea. Kunamfundisha tu kuzima simu.

Anayeumia kweli

Kwa mtu mwenye gari ya pili nyumbani, kuchelewa ni usumbufu. Kwa mtu mwenye gari ndio kazi, ni kitu kingine kabisa.

Chukua dereva wa teksi ya mtandaoni ambaye gari si yake. Tuseme anampelekea mwenye gari shilingi 1,500 kila siku, na hiyo ni namba ya mfano tu. Gari ikilala siku kumi, hiyo ni 15,000 ambayo lazima itoke mahali, ama waelewane isitoke. Bado hatujaongea kuhusu chakula cha nyumbani, kodi, na fee ya mtoto.

Sasa angalia tofauti. Huyu dereva akiambiwa siku ya kwanza, "Hii ni siku kumi," ataumia, atalaani, halafu atafanya kitu. Ataongea na mwenye gari wasimamishe hesabu. Atatafuta msee wa kushikia gari usiku. Atachukua kibarua. Ataambia mwenye nyumba mapema. Ama ataenda ocha asalimie mamake, kuliko kukaa Nairobi akila akiba.

Lakini akiambiwa "kesho" mara kumi, hawezi kufanya chochote kati ya hivyo. Hawezi kuchukua kibarua, juu kesho gari iko tayari. Hawezi kusafiri, juu kesho gari iko tayari. Kila asubuhi anapanda matatu mpaka gereji, anakaa kwa kiti cha gari kilichotolewa, anaangalia gari yake ikiwa bila uso, na jioni anarudi na ahadi nyingine.

Siku kumi unazozijua unaweza kuzipanga. Siku kumi zinazokuja moja moja zinakukula. Urefu ni ule ule, na gari inatoka tarehe ile ile. Kilichoibwa kwa yule wa pili ni nafasi ya kujipanga, na hiyo hakuna fundi anaweza kurudisha na polishi.

Na upande ule mwingine kuna kijana wa miaka ishirini na kitu anayeshika bunduki ya rangi. Yeye pia anaumia. Ukimkimbiza apige klia juu ya praima ambayo haijakauka, dawa zilizobaki ndani zitatafuta njia ya kutoka. Baada ya wiki kadhaa rangi inazama, alama za msasa zinaonekana, mahali pengine panatoka malengelenge. Unarudi ukiwa umekasirika. Anarudia kazi bure, kwa rangi ya pesa yake, na hiyo siku anayorudia yako anachelewesha ya mwingine. Ile haraka uliyoilazimisha imekuwa foleni ya mtu usiyemjua.

Sasa tufanye aje?

Fundi, naanza na wewe, juu wewe ndio unajua kazi. Usipeane tarehe kabla hujafungua gari. Peana tarehe ya kupeana tarehe. Sema hivi: "Mkubwa, kwa nje naona kama wiki moja. Lakini sijafungua. Kesho saa kumi jioni nitakuwa nimefungua, nitakutumia picha kwa WhatsApp, halafu nikuambie tarehe kamili." Maneno machache hivyo, na tayari wewe ni tofauti na mtaa mzima. Na hapo ukitumia neno kesho, limebeba saa na kitu cha kuonyesha.

Ukishafungua, hesabu siku zako, halafu ongeza za mvua na za spea kupotea. Ukisema siku kumi na umalize kwa nane, wewe ni shujaa, utapata mteja atakayeleta na binamu yake. Ukisema tatu na umalize kwa hizo hizo nane, wewe ni mwizi. Gari ni ile ile, rangi ni ile ile, jasho ni lile lile. Jina lako limeharibiwa na namba uliyoisema siku ya kwanza.

Halafu habari mbaya ipige simu mapema. Spea imekosekana Jumanne? Sema Jumanne. Usingoje Ijumaa mtu awe amesimama kwa lango lako na mfuko wa funguo. Na ukipiga, kuja na vitu vitatu: nini kimetokea, unafanya nini, na tarehe mpya ni gani. "Kuna shida kidogo" si habari, hiyo ni njia ya kumfanya mtu asilale.

Mteja, sasa ni zamu yako. Acha kuuliza, "Itaisha lini?" Hilo swali jibu lake ni "kesho" tangu zamani. Uliza, "Sai gari inangoja nini?" Utashangaa. Fundi hawezi kujibu hilo na "kesho". Lazima aseme inangoja taa, inangoja jua, inangoja msee wa rangi amalize ile Noah, ama inangoja pesa. Na ukijua inangoja nini, unaweza hata kusaidia.

Uliza pia, "Kuna magari mangapi mbele yangu?" Angalia na macho yako. Kama gereji ina mafundi watatu na magari kumi na mawili yamevuliwa bampa, hizo siku tatu ni hadithi, na wewe unaona.

Pesa ipeane kwa hatua. Ya spea kwanza, na risiti ya duka ije kwa simu yako siku hiyo. Nyingine gari ikiwa kwa praima na umeiona. Ya mwisho siku ya kuchukua, na hiyo ya mwisho lipa siku hiyo hiyo bila hadithi za mwisho wa mwezi. Ukibaki na deni kwa fundi, wewe ndio "kesho" ya mtu mwingine.

Na tafadhali, usichague fundi kwa siku chache pekee. Akikuambia siku kumi na akueleze kwa nini, huyo amekuheshimu.

"Lakini mteja atahepa"

Hapa ndio fundi atanikatiza: "Brathe, nikisema siku kumi, gari inavuka barabara." Ni kweli, zingine zitavuka. Siwezi kukudanganya kuwa ukweli unalipa siku ya kwanza. Kama una kodi ya kesho asubuhi, maneno yangu hayalipi kodi.

Lakini fanya hesabu ya mwaka, si ya Jumatatu. Mteja uliyempata kwa siku tatu za uongo hukuja mara moja. Haji tena, haleti mtu, na anakupigia simu mara kumi kwa siku, kila simu ikikutoa kwa msasa. Pia kuna njia ya katikati. Mwambie, "Naweza kukupa kwa siku tano, lakini lulu haitakaa sawa," ama "Naweza kufunga bampa leo uendelee na kazi, rangi tufanye mvua ikiisha." Dereva wa teksi atachukua hiyo ya pili na kukushukuru. Watu wengi wanaweza kuvumilia ukweli wakipewa la kuchagua ndani yake.

Na kwa wale wanaodhani hii ni tabia njema tu, kumbukeni Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayonunua. Muda wa kazi ni habari. Sisemi ukimbie kortini juu ya bampa. Nasema kuuliza tarehe na sababu yake si usumbufu, na kuijibu si hisani.

Waswahili walisema ahadi ni deni. Tumeisikia tangu shule ya msingi na hatujawahi kuiuliza swali la biashara: kama ni deni, kwa nini ukope zaidi ya unachoweza kulipa? Fundi anayesema siku tatu amekopa siku saba ambazo hana. Afadhali akope kidogo na alipe yote.

Kwa hivyo ukipeleka gari wiki hii, jaribu hilo swali moja: sai inangoja nini? Halafu uje uniambie fundi alijibu aje. Na kama wewe ni fundi na unasoma hii ukiwa umejificha nyuma ya ile Noah, washa simu. Mpigie huyo msee. Mpe tarehe yenye utaweza kuilipa.